Pipa Limeshaoshwa

Simu ya Loisi ilinikuta nikisahihisha kadi ya harusi ya mtoto wa jirani. Mimi ni mtu wa kusahihisha, na kustaafu hakujanipunguzia. Watu wa mtaa wetu hapa Chang'ombe, si ile ya pwani, wakitaka kuandika kitu chochote chenye Kiingereza ndani yake wananiletea, wengine wananiletea hata cha Kiswahili, halafu wananuna nikiwachorea mistari myekundu. Sauti ya mwanamke ikanipa shikamoo, ikauliza kama anaongea na Mwalimu Hawa, yule aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la zabibu kule Makutupora. Nikasema ndiye. Akasema yeye ni Loisi, binti wa Yohana wa stoo, kwamba baba yake amefariki jana alfajiri, mazishi ni keshokutwa, na mwenyewe aliacha maneno kwamba akifa nipigiwe simu mimi kabla ya ndugu wa mbali. Nikampa pole. Nikauliza alikuwa anasumbuliwa na nini, nikaelezwa habari za figo, na muda wote huo nilikuwa nimeikamata kalamu nyekundu kwa nguvu mpaka ikanichafua kiganja. Nilikuwa sijasikia jina la Yohana likitamkwa kwa miaka karibu arobaini. Mungu anisamehe, nilikuwa nimejipa moyo kwamba alikwisha kufa zamani.

Mambo ya wazazi wangu na jinsi tulivyotoka Kondoa nitayaacha, hayana hatia. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, ule niliomaliza kidato cha nne nikapata alama ya Kiingereza iliyowapita wasichana wote wa shule yetu, na kichwa kikanivimba. Shangazi niliyekuwa nakaa kwake alisikia sokoni kwamba kuna shamba linatafuta mtu wa kusoma. Si kuandika wala si kulima, ni kusoma. Meneja wa shamba alikuwa mgeni kutoka nje, Kiswahili chake kilianzia kwenye "jambo" kikaishia kwenye "haraka", na kuongea na watu hakukupenda. Alichopenda ni kuandika. Kila jioni aliandika kazi za kesho kwa Kiingereza ndani ya kauntabuku nene. Daftari hilo lilikuwa limetobolewa na kufungwa kamba ya katani, likaning'inizwa kwenye msumari wa mlango wa stoo. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale asubuhi na kuwasomea wafanyakazi kwa Kiswahili: nani apogoe mizabibu ya mstari gani, nani apulizie salfa, nani ateke maji. Nikimaliza kusoma, kila mtu anashika njia kwenda nilikomtuma. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakinitegea masikio mimi wa miaka kumi na saba, na siku nyingine nilisoma taratibu makusudi ili waendelee kunitazama. Waliniita Redio.

Nililala chumba kimoja na Penina. Kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya wafanyakazi, kuta za matofali mabichi, bati lisilo na dari, vitanda viwili vya kamba, na katikati sanduku lake la bati ambalo tulilifanya meza. Ukutani alikuwa amebandika kalenda ya mwaka uliopita kwa sababu alipenda picha yake. Penina alikuwa na umri kama wa miaka thelathini, Mgogo wa kijiji cha jirani, ameachika na hana habari, mwenye maneno mengi kuliko mimi, na ndiye aliyekuwa mtu wa maji. Alijaza pipa la maji ya kunywa kila asubuhi kabla wenzake hawajafika, na saa nne alipika uji wa watu wote. Alinifundisha kuitikia mbukwenyi, salamu ya wazee wao, bila kuumauma maneno, akanifundisha kuchota mlenda kwa tonge la uwele bila kujimwagia, na kila uliponidondokea kifuani alisema, "Kimombo chote hicho, mlenda tu unakushinda." Ramadhani ilipoingia, yeye mkristo wa kuimba kwaya ndiye aliyekuwa akiniamsha nile daku. Alinitikisa mguu akasema, "Redio, amka, Mungu wako anataka ule." Na saa nne ikifika alinimiminia kikombe changu cha uji vilevile, akakifunika na kisahani, akakiweka karibu yangu ili anichokoze. "Ukishindwa kipo." Nikimaliza kumkatalia alikinywa yeye, baada ya chake. Ilikuwa mchezo wetu wa kila siku, na nilikuwa nikiusubiri.

Stoo ilikuwa ya Yohana. Alikuwa mrefu, mpole, miaka thelathini na kitu, mke wake ana mimba ya kwanza, na aliijua kila dawa kwa rangi ya chombo chake kwa sababu maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Pipa jekundu ni la salfa, la bluu ni la kuchanganyia dawa ya wadudu, jeupe ni la maji ya kunywa. Wiki ile pipa jeupe lilipasuka. Alhamisi nikasoma kwenye daftari kwamba Yohana alioshe pipa la bluu kwa sabuni na majivu, alirudie mara nyingi, ligeuzwe la maji. Yohana akaitikia, akasema ataliosha Ijumaa kwa kuwa siku ile ana mzigo wa kupanga. Ijumaa asubuhi meneja huyohuyo akampakia kwenye pikapu wakaenda mjini kutafuta kifaa cha pampu, wakakaa huko mpaka Jumamosi magharibi. Mimi nilikuwa nimeenda kwa shangazi, Penina alikuwa kijijini kwao. Pipa likabaki lilivyokuwa. Jumapili meneja akaandika kazi za Jumatatu, akaondoka na pikapu kwenda Morogoro. Haya ya baada ya Alhamisi niliyajua baadaye, nilipokuwa sina tena haja ya kuyajua.

Jumatatu ile upepo ulianza mapema, vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Wenzetu walikuwa hawajafika. Penina alisimama mbele yangu na ndoo mbili akitaka nimsomee yake haraka aanze, na ndani ya stoo nilimsikia Yohana akiburuta magunia. Nikafungua ukurasa. Mstari wa kwanza ulisema, "The blue drum should have been washed by Saturday." Chini yake, "Penina to use it for water." Wa pili haukunisumbua. Wa kwanza ulinisimamisha. Should niliijua, tuliambiwa ni "inapasa". Have been niliijua, ni "imekwisha kuwa". Washed ni kuoshwa. Lakini zikiwa zimepangana namna ile sikuwahi kuzikuta popote isipokuwa ubaoni, na ubaoni mwalimu wetu alituimbisha tu darasa zima kwa pamoja mpaka kengele ikalia. Inapasa imekwisha kuoshwa, ndiyo lugha gani hiyo? Nikausoma tena kimoyomoyo. Jambo moja tu lilinikaa kichwani, kwamba Penina ananitazama.

"Inasemaje?" akauliza.

"Subiri."

"Kama hujui sema hujui, Redio. Tutamngoja mwenyewe arudi."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anatabasamu. Ila mimi niliona aibu, masikio yakanichoma, kwa sababu nilichokuwa nacho pale shambani ni kujua, kingine sikuwa nacho. "Najua," nikamwambia. "Pipa la bluu limeshaoshwa. Utumie hilo kwa maji."

Magunia yakatulia kule ndani. Sauti ya Yohana ikapita kwenye mbao za ukuta. "Kaliosha nani? Mimi sikuwepo."

"Sijui, kaka Yohana. Limeandikwa hapa, limeshaoshwa."

"Kama limeandikwa, haya," akasema, akaendelea na kazi yake.

Penina alilisuuza mara moja kwa mazoea, akalijaza. Harufu haikumshtua, maana shamba zima lilinuka dawa, hata mto wangu wa kulalia ulinuka dawa. Saa nne uji ulikuwa tayari na wenzetu walikuwa bado wanakuja kutoka mistari ya mbali. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko, nimefunga, midomo imenikauka. Akanimiminia kikombe changu, akakifunika. "Ukishindwa kipo." Nikamwambia leo pia hanipati. Akacheka, akanywa chake, akasema uji umechachuka, akanywa na changu. Tulikuwa tunazungumza habari za mwanakwaya mmoja aliyekuwa akimtaka. Kisha akaanza kutoka jasho, jasho jingi, na mate yakamjaa mdomoni akawa anatema na kutema. Mikono ikamtetemeka. Aliponitazama mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo sana, akaniita "Hawa". Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Yohana alikuja mbio, akanusa sufuria, akaipiga teke ikamwagika yote, na kwa hilo teke watu kumi na wanne waliokuwa njiani kuja kunywa walirudi makwao jioni. Gari halikuwepo. Tukampakia Penina kwenye tela la trekta, kichwa chake mapajani mwangu, nguo zake zimelowa, akitweta. Alikata roho kabla hatujafika kwenye lami.

Baada ya mazishi nilirudi Chang'ombe kwa shangazi. Alinipikia futari kana kwamba nimetoka safari, viazi vitamu, tambi, uji wa pilipili manga, na niliposogezewa bakuli la uji niliinuka nikaenda kujilaza. Dirisha la chumba changu lilitazama uani. Jioni ya pili nikamsikia shangazi na jirani yetu Mama Zuhura wakichagua mchele, ungo unakwaruza, sauti zimeshushwa.

"Wanasema wanataka kujua ilisomwa vipi," Mama Zuhura alisema.

"Aliyesoma ni yeye."

"Ndiyo hapo sasa. Watamwangukia yeye. Hao wakubwa hawaangukiani."

Shangazi akapepeta ungo. "Basi ajue la kusema," akasema. "Mtoto wa kike akilala polisi siku moja tu, habari yake imeisha."

Nilivuta sanduku langu chini ya kitanda nikatoa daftari langu la shule. Nilipekua mpaka nikaukuta ule ukurasa wa siku ya kuimbishwa, kwa mwandiko wangu mzuri uliopigiwa mstari kwa rula: "You should have come. Ulipaswa kuja, lakini hukuja." Nilikaa sakafuni nikiutazama. Kwa hiyo lile pipa lilipaswa kuoshwa, lakini halikuoshwa. Maandishi yalikuwa yanalalamika, na mimi nimeyasoma kama yanatoa taarifa. Nililia mpaka kwikwi. Hilo nalisema bila kujitetea, nililia kwa ajili ya Penina kwelikweli. Lakini machozi yalipokauka nikauona ukurasa uleule kwa jicho jingine. Kama pipa lilipaswa kuoshwa, yupo aliyepaswa kuliosha, na aliyepaswa kuliosha si mimi.

Kikao kilikuwa ofisini kwa meneja, chumba chenye feni isiyozunguka na chupa za mvinyo wa majaribio zimepangwa dirishani. Kabla ya kuingia, meneja alinivuta pembeni. Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba ana hakika nilisoma vilevile ilivyoandikwa, na kwamba barua yake ya kunipendekeza chuo cha ualimu iko tayari, imebaki sahihi tu. Ndani walikuwepo askari mmoja, ofisa mtendaji, na Danieli kaka yake Penina, amekaa karibu na mlango, kofia ameiweka gotini. Danieli na Yohana walikuwa majirani kijijini, walikua pamoja wakichunga pamoja, kati ya nyumba zao kulikuwa na ua mmoja wa minyaa wenye upenyo wa kupitia. Yohana alisimama. Hakuna aliyemwambia akae.

Askari akanisogezea daftari. "Binti, tusomee."

Nikasoma kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili safi cha kitabuni. "Pipa la bluu lilipaswa liwe limeoshwa kufikia Jumamosi."

"Yaani huyu bwana alitakiwa kuliosha."

"Ndiyo."

"Na marehemu ulimsomea hivyohivyo?"

"Ndiyo."

Yohana hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, ningepata cha kumchukia. "Hapana," alisema. "Alisema limeshaoshwa. Nilimuuliza nani kaliosha, akasema limeandikwa." Akanigeukia. "Mdogo wangu Hawa, si ulisema limeshaoshwa?"

Wote wakanitazama, na safari hii kutazamwa sikukupenda. Nilikuwa na saumu. "Sikusema hivyo, kaka Yohana," nikasema. "Wallahi nilisoma kama ilivyo."

Hakuna aliyeniomba kiapo. Nilikitoa mwenyewe, bure, kwa kiherehere kilekile cha Jumatatu. Yohana alieleza kwamba alikuwa mjini siku mbili, meneja akasema Alhamisi mchana alikuwepo na muda alikuwa nao, na hilo lilikuwa kweli. Danieli akavaa kofia yake akatoka bila kumtazama yeyote.

Barua yangu ilitiwa sahihi siku ileile. Yohana alikaa mahabusu miezi tisa, Loisi akazaliwa baba yake akiwa ndani, kisha akaachiwa kwa kuwa kesi haikusimama. Kijijini iliendelea kusimama. Nilizipata habari kidogokidogo kwa mama mmoja wa kule aliyekuwa akiuza karanga sokoni, ambaye hakunijua mimi ni nani katika hadithi yake. Watu wakamwita Yohana wa Pipa. Danieli aliziba ule upenyo wa minyaa kwa miiba, na toka siku hiyo hakumpa Yohana salamu, si njiani, si kanisani, si msibani. Mama wa karanga alisimulia haya huku akinipimia kikombe, na mimi nikaitikia maskini, maskini, nikaondoka na karanga zangu. Baada ya hapo nikawa nanunua kwa mwingine.

Chuoni, mwaka wa pili, mwalimu wetu wa sarufi aliandika ubaoni, "The bus should have arrived by now." Akasema sentensi za namna hii zina sura mbili. Unaweza kulalamika, basi lilipaswa kufika na halijafika. Unaweza pia kukisia kwa imani, basi litakuwa limeshafika, twendeni tukalipande. Mwandishi ndiye anayejua anakusudia lipi. Nikaomba ruhusa nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha. Meneja alikuwa anakisia. Aliamini Yohana aliliosha Alhamisi kabla ya safari yao, ndiyo maana chini yake akaandika Penina alitumie. Asubuhi ile, katika ujinga wangu, nilikuwa karibu na maana yake kuliko nilivyokuwa ofisini na Kiswahili changu cha kitabuni. Nilichomnyima Penina ni neno moja dogo, "litakuwa". Litakuwa limeshaoshwa. Angesikia hilo angeuliza, maana alikuwa mtu wa kuuliza, na Yohana angetoka stoo aende kulitazama. Lakini "litakuwa" ni neno la mtu asiye na hakika, na mimi nilitaka kuonekana nina hakika.

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na somo lile nililipita kila mwaka kama mtu anayepita nyumba ya anayemkwepa. Niliandika mfano mmoja, wa lawama, nikafuta ubao. Mwanafunzi mmoja wa kike, mjuaji kama nilivyokuwa mimi, aliwahi kuuliza, "Madamu, lakini hapo basi limefika au halijafika?" Nikamtoa nje. Ningeweza kuwaambia kwamba sisi wenyewe nyumbani hatuna taabu na lawama ya namna hii, hatuhitaji maneno matatu, tunatia "nge" moja katikati ya kitenzi na mwenzio anaisikia mpaka kwenye mifupa. Sikuwaambia.

Nilifika msibani siku moja kabla ya mazishi. Lile shamba halipo tena, pamekatwa viwanja, pana nyumba za bati la rangi. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wakanisogezea nafasi na sahani ya makande, na nilipokuwa nikila kwa ajili ya heshima Loisi akaja. Ni mama mtu mzima sasa, karani wa maktaba huko chuoni Chimwaga, ana urefu wa baba yake. Akanichukua mpaka chumbani kwa marehemu. Kitanda kilikuwa kimetolewa godoro. Kwenye meza kulikuwa na Biblia, na ndani ya Biblia karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Niliutambua mwandiko wa meneja kabla hajaikunjua. Aliniambia baba yake alipoachiwa alikwenda shambani kuchukua nguo zake, akalikuta daftari limerudishwa msumarini, akachana ukurasa. Pembeni, kwa penseli, kulikuwa na miandiko minne tofauti. Alikuwa akimwomba kila aliyesoma amwandikie mstari wa kwanza unasema nini. Mchungaji aliandika, "Pipa lilipaswa kuoshwa." Muuguzi wa zahanati aliandika, "Pipa litakuwa limeoshwa." Mwalimu mkuu aliandika kama mchungaji. Wa nne ulikuwa wa kitoto, "Pipa lazima lioshwe Jumamosi."

"Huo wangu," alisema Loisi. "Nilikuwa darasa la saba. Nilikosea."

Nikaanza kumweleza ile habari ya sura mbili, sauti yangu ikishika njia ya darasani yenyewe. Akanikatiza kwa upole.

"Maana naijua, mwalimu. Nimesoma. Baba aliniagiza nisikuulize maana. Alisema nikuulize jambo moja tu. Alijua ulimwambia limeshaoshwa, alisikia kwa masikio yake. Alitaka kujua, ulikosea au ulidanganya?"

Nje wanakwaya walikuwa wanajaribu wimbo, wanarudia mstari mmoja. Mtu huyu alikaa na swali hilo miaka yote ile, na nyumba yangu inajulikana, iko nyuma ya soko, angeweza kuja siku yoyote akagonga. Hakuja. Nadhani hakutaka kuniaibisha mbele ya wanangu, na nadhani hii ndiyo inayoniuma kuliko yote.

"Asubuhi nilikosea," nikasema. "Ofisini nilidanganya."

Loisi hakulia. Alitoa karatasi nyingine, wasifu wa marehemu utakaosomwa kaburini, kazaliwa wapi, kabatizwa lini, kafanya kazi wapi. Palipofika shamba la zabibu palikuwa na nafasi tupu ya mistari mitatu. Akaketi ukingoni mwa kitanda kitupu akaandika maneno yangu. Nilimwona akikosea herufi moja, nikanyamaza.

"Nilikuwa nisome mimi," akasema. "Lakini wewe ndiye uliyesoma mwanzo. Usome na mwisho."

Kesho yake nilisimama kando ya kaburi na mtandio wangu kichwani kati ya wanakwaya na wazee wa kanisa, nikasoma. Upande wa pili, nyuma ya watu wote, alikaa mzee kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti na kofia juu ya fimbo. Nilimtambua kwa ile kofia alivyoivua. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma ubatizo. Kisha nikasoma kwamba pipa lilipotakiwa kuoshwa Yohana alikuwa mjini. Kwamba siku aliyofariki Penina, msichana wa kusoma daftari alisema limeshaoshwa, Yohana akamuuliza nani kaliosha, akamjibu limeandikwa. Kwamba ofisini msichana huyo aliulizwa akakana, na akaapa. Hapo maneno ya karatasi yaliisha, nikaongeza la kwangu. "Msichana huyo ni mimi." Nilisikia tu upepo kwenye turubai.

Walipoanza kutupa udongo, yule mzee aliinuka. Watu wakampisha. Danieli alifika kwenye ukingo, akainama kwa shida, akachota udongo kwa mkono, si kwa koleo, akautupa, akachota tena, akautupa, mpaka mjukuu wake akamshika kiwiko. Kisha akageuka akaja niliposimama. Alinitazama kwa muda mrefu, na nilijua anahesabu misiba yote, ibada zote, asubuhi zote alizopita kwenye ule ua wa minyaa na rafiki yake yuko upande wa pili anamwona.

"Ungesema," akaniambia.